Kapu la Fuko na Wayo wa Kiboko

Hapo zamani za kale, wanangu, wakati wanyama walipokuwa na ofisi na vikao vingi kuliko sisi, palikuwa na bonde lililoitwa Bonde la Migunga. Bonde hilo lilikuwa na Halmashauri yake, Halmashauri ilikuwa na waheshimiwa wake, na waheshimiwa walikuwa na matumbo yao.

Mwenyekiti wa Halmashauri alikuwa Tembo, mzito wa mwili na mzito wa kujibu. Ukimsalimia asubuhi, uende shambani, urudi, ndipo unasikia, "Salama."

Mwenyekiti wa Kamati ya Fedha alikuwa Kiboko. Huyu alishinda bwawani mchana kutwa, na hapo hapo bwawani ndipo ilipokuwa ofisi yake. Aliyemfuata kila aendako, na kuunga mkono kila asemacho hata kabla hajakisema, alikuwa Nyati.

Na karani wa Halmashauri alikuwa Bi Pimbi.

Bi Pimbi alikuwa mdogo. Angeweza kulala ndani ya alama ya wayo wa Tembo na nafasi ya mto ikabaki. Hakuwa na mkia, hakuwa na pembe, wala hakuwa na mjomba kwenye Halmashauri. Alichokuwa nacho ni kanuni. Kanuni zote za bonde alizijua kwa kichwa, kuanzia ile ya kwanza iliyokataza kuoga kisimani hadi ile ya mwisho iliyokataza kusinzia kikaoni, ambayo ilipitishwa nusu ya wajumbe wakiwa wamesinzia.

Siku hizo hapakuwa na fedha kama zetu. Mshahara ulikuwa mtama. Posho ilikuwa viazi, miwa au asali, kulingana na anayelipwa. Na kila mwaka nyasi zilipoanza kugeuka manjano, Halmashauri ilikaa kupanga bajeti: mtumishi gani abaki, nani aongezwe, na nani apewe nini mwaka unaokuja.

Basi mwaka mmoja, siku tatu kabla ya baraza la bajeti, Kiboko alimwita Bi Pimbi bwawani. Bi Pimbi akaja na majani yake ya mgomba kwapani, akakaa juu ya jiwe lake.

"Nisomee watumishi wa maji," alisema Kiboko.

"Ni mmoja tu, mheshimiwa," alisema Bi Pimbi, akafunua jani. "Fuko, mzibuaji wa mfereji. Mshahara, debe moja la mtama kwa mwezi. Posho ya tope, kapu moja la viazi mwitu kwa mwezi. Likizo, siku thelathini kwa mwaka. Hajawahi kwenda."

"Hiyo posho ya tope ifute."

Kijiti cha kuandikia cha Bi Pimbi kikasimama hewani.

"Niandike sababu gani, mheshimiwa?"

"Andika kazi ni nyepesi. Mtu anashinda chini ya ardhi, kwenye ubaridi, hapigwi na jua, hasumbuliwi na mtu. Ningepata kazi kama hiyo, mimi ndiye ningeilipa Halmashauri."

"Angelipa yeye," alisema Nyati kutoka kwenye matete.

"Na kapu hilo liende wapi?" aliuliza Bi Pimbi.

"Kwenye banda la kivuli la waheshimiwa. Ndege wasusi wameshakubali kusuka paa, wanataka viazi. Hatuwezi kupanga maendeleo ya bonde huku tunapigwa na jua."

Bi Pimbi alimtazama. Kiboko alikuwa ndani ya maji mpaka shingoni.

"Lakini wewe, mheshimiwa, kikao chote unakuwa majini."

"Kichwa kiko nje."

"Kichwa kiko nje," alisema Nyati kwa huruma.

Bi Pimbi alimeza alichotaka kusema. Alikuwa amemeza mengi katika kazi hiyo, na kama maneno yangekuwa chakula angekuwa na ukubwa wa kifaru.

"Mheshimiwa, umewahi kuingia kwenye huo mfereji?"

"Niingie nifanye nini? Maji nayaona yakitoka." Kiboko akapiga maji kwa mkia, chapwi. "Kwani mkataba wako wewe unaisha lini, Bi Pimbi?"

"Mwezi ujao."

"Basi andika. Kwa mwandiko mzuri."

Bi Pimbi akaandika, kwa mwandiko mzuri. Kisha akakunja majani yake akaenda kumtafuta shoga yake Fuko.

Sasa niwaeleze huo mfereji, maana bila mfereji hadithi hii haina maji. Chemchemi ya bonde ilikuwa nyuma ya kilima. Maji yalipita chini kwa chini kwenye tundu refu, yakatokea upande wa pili na kuingia bwawani. Na kila siku iliyokuja, mizizi ya migunga iliteremka kuyatafuta maji hayo, na udongo ukaporomoka, na tundu likataka kuziba. Fuko aliingia alfajiri, akaitafuna mizizi kwa meno, akasukuma tope kwa mikono, akatoka jua likizama. Hakuwa na muda wa kujichimbia chakula. Lile kapu la viazi ndilo lililowalisha watoto wake wanne, ambao walikuwa bado hawajafikia umri wa kuchimba.

"Hodi," alisema Bi Pimbi mlangoni.

"Karibu, dada. Angalia kichwa, dari imeshuka."

Bi Pimbi akainama, akaingia. Watoto wa Fuko walikuwa wamelala wamebebana kama viazi vyenyewe. Fuko alikuwa ametoka kazini, tope limemkauka mpaka kwenye kope. Alikohoa, akafuta mdomo.

"Umekuja na jani," alisema Fuko. "Ukija na jani siyo salamu tu. Nisomee."

Bi Pimbi akasoma. Hakupunguza neno wala kutia sukari.

Mmoja wa watoto aligeuka usingizini, akanyonya kidole cha mwenzake.

"Wameandika kazi ni nyepesi?"

"Wameandika hivyo. Nimeandika mimi, kwa mkono huu."

"Sikulaumu, dada. Mkono ni wako, maneno ni yao." Fuko alikohoa tena. "Watu wa ng'ambo ya uwanda wameniita. Wana mfereji wao na wanatoa kapu."

"Uwanda utauvukaje na hawa?"

Uwanda ule ulikuwa mweupe na mgumu kama sakafu. Haukuchimbika. Ulikuwa mwendo wa nusu siku, na juu yake mwewe walizunguka kutwa.

"Nitaanza safari nao wanne," alisema Fuko. "Sijui nitafika na wangapi. Lakini nikibaki bila kapu, jibu ninalijua. Wewe niambie ukweli, mwenzangu. Nikae au niondoke?"

Bi Pimbi alikuwa akitazama jani, pale palipoandikwa likizo.

"Fuko, kwa nini hujawahi kwenda likizo?"

"Naomba kila mwaka. Naambiwa hakuna wa kunishikia kazi. Kanuni inasema nisiondoke mpaka mtu atie alama kwamba atakaimu. Nani atie alama hiyo?"

"Nani kweli," alisema Bi Pimbi polepole, na masikio yake yakasimama. "Ukiacha kuzibua, maji yanakata baada ya muda gani?"

"Nikiacha asubuhi, mchana bwawa linaanza kukohoa kama mimi."

Bi Pimbi akasimama, akagonga kichwa kwenye dari, pu.

"Nipe siku tatu. Usifunge mizigo. Na unipe barua ya kuomba likizo, uanze siku ya baraza."

"Dada, mimi naomba kapu, wewe unaniletea likizo."

"Andika tu, shoga. Kapu linafuata nyuma."

Kesho yake Kamati ya Fedha ilikaa. Na katika vikao vya Bonde la Migunga kulikuwa na desturi moja. Kila kikao kilipoanza, jani la mahudhurio lilizungushwa, na kila mheshimiwa alikanyaga tope akagonga wayo au kwato yake juu yake. Aliyegonga alipewa fungu la miwa, posho ya kikao. Kwa hiyo waheshimiwa walikuwa wamezoea: wakiona jani linapita mbele yao, mguu unanyanyuka wenyewe. Kuna waliogonga wakiwa usingizini. Na Kiboko alikuwa na tabia ya kugonga mara mbili, moja kama mwenyekiti, nyingine kama mjumbe, akaondoka na mafungu mawili.

Siku hiyo Bi Pimbi alizungusha jani la mahudhurio kama kawaida. Wakagonga. Kisha akatoa jani la pili. Juu yake, kwa herufi kubwa kama vidole vya nyani, alikuwa ameandika mistari mitatu.

"Waheshimiwa, hili ni jingine," alisema. "Naomba msome juu kwanza."

Kiboko alikuwa ameshanyanyua mguu.

"Bi Pimbi, unatuchelewesha. Miwa inakauka."

"Ni mistari mitatu tu, mheshimiwa. Soma juu kwanza."

"Mimi majani nayala, siyasomi," alisema Kiboko, na kamati nzima ikacheka. Akagonga wayo wake. Pwa. Kisha kwa mazoea tu, akagonga tena. Pwa.

Bi Pimbi akamgeukia Nyati. "Wewe je, mheshimiwa? Soma juu kwanza."

"Mheshimiwa Kiboko amesoma?"

"Umemsikia mwenyewe alivyosema."

"Basi mimi ni nani nisome kumzidi," alisema Nyati, akagonga kwato yake chini ya nyayo za Kiboko.

Bi Pimbi akasema asante, akakunja jani. Aliondoka haraka, maana mkataba wake ulikuwa kwenye jani jingine, na jani hilo lilikuwa mikononi mwa kamati hiyo hiyo.

Akalipeleka kwa Tembo, kwa sababu ruhusa ya likizo haipiti bila mwenyekiti. Tembo alikuwa tofauti na wenzake kwa jambo moja: alisoma. Alisoma taratibu mno, herufi moja baada ya nyingine, mkonga ukifuata mstari. Jua likasogea. Bi Pimbi akakaa, akasimama, akakaa tena.

"Bi Pimbi," alisema Tembo mwishowe. "Hii wameisoma?"

"Nimewaambia waisome, mwenyekiti. Mara tatu."

"Hm."

Kivuli kikasogea tena.

"Na barua ya Fuko ni halali?"

"Kanuni ya kumi na saba na kanuni ya kumi na nane."

"Hm," alisema Tembo. Akanyanyua mguu wake mkubwa kama kinu, akaushusha kwenye pembe ya jani, polepole, asije akalichana. Ti. "Una mwandiko mzuri," alisema, akageuka akaendelea kuvunja matawi.

Siku ya baraza ikafika. Baraza la bajeti lilikaa kando ya bwawa, mbele ya mdomo wa mfereji, kwa sababu hapo palikuwa na upepo. Wananchi walijaa: swala, kanga, nyani na watoto wao, ngiri kwa ukoo mzima. Kiboko alikuwa majini, kichwa nje. Fuko naye alikuja, ameoga, ameketi mbele kabisa na watoto wake wanne. Watu wengi walikuwa hawajawahi kumwona mchana. Kanga mmoja aliuliza yule mgeni ni nani.

Kiboko alisoma rasimu ya bajeti kwa sauti ya kutoka tumboni. Alipofika kwa watumishi wa maji alikohoa kwa heshima.

"Posho ya tope, imefutwa. Kamati imeona kwamba kazi ya kukaa chini ya ardhi kwenye ubaridi ni nyepesi, na mtu yeyote anaweza kuifanya."

"Yeyote," alisema Nyati.

Wananchi walinong'ona. Fuko alitazama chini. Bi Pimbi akanyanyua mkono.

"Mwenyekiti, kabla hoja haijapigiwa kura, kanuni inanitaka nisome matangazo ya watumishi."

"Soma," alisema Tembo, na safari hii alijibu haraka hata watu wakashangaa.

Bi Pimbi akapanda juu ya jiwe lake, akafunua jani.

"Mtumishi Fuko, mzibuaji wa mfereji, ameanza likizo yake leo alfajiri, siku thelathini. Wafuatao wamekubali kwa nyayo zao kukaimu kituo chake, kila alama siku kumi, kwa masharti yale yale ya mwenye kituo. Zamu ya kwanza, Mheshimiwa Kiboko. Zamu ya pili, Mheshimiwa Kiboko. Zamu ya tatu, Mheshimiwa Nyati."

Nyani mmoja akaanza kucheka, na unajua nyani akianza.

"Uongo," alisema Kiboko. "Mimi niligonga mahudhurio."

Bi Pimbi akaligeuza jani, wote walione. Herufi kubwa juu, nyayo mbili za Kiboko katikati, kwato ya Nyati chini, na pembeni alama ya Tembo, pana kama sinia.

"Wayo huu si wako, mheshimiwa?"

Kiboko aliutazama. Hakuna mwingine bondeni mwenye wayo ule.

"Ni wangu, lakini hukuniambia nisome."

"Ulisema majani unayala, huyasomi," alisema Nyati, akitaka kusaidia. "Wote tulisikia. Tulicheka sana."

"Nyamaza, Nyati."

Na hapo hapo, kwenye mdomo wa mfereji, maji yakafanya glo, glo, glo. Yakatoka kama uzi. Yakafanya glo moja ya mwisho. Yakanyamaza.

Watu wote wakatazama bwawa. Mchirizi wa tope ulianza kuonekana kwenye ukingo, kisha mabega ya Kiboko, ambayo hakuna aliyewahi kuyaona kikaoni.

"Bwawa linakauka," alisema swala mmoja.

"Anayekaimu yupo," alisema Tembo. "Naye amesema kazi ni nyepesi. Endelea, mheshimiwa."

Kiboko alitazama kushoto, akatazama kulia. Kila mahali aliona macho. Akavuta kifua.

"Nitawaonyesha," alisema. "Dakika mbili tu."

Akatoka majini, chururu, chururu, akaenda kwenye mdomo wa mfereji. Akaingiza pua. Pua ikaingia. Akasukuma, na kichwa kikaingia mpaka machoni. Akasukuma tena kwa nguvu zote za mwili ule, na udongo ukasema kraa, na kichwa kikaingia kupita masikio. Hapo kikagota. Akajaribu kwenda mbele, hakuenda. Akajaribu kurudi, hakurudi.

Bonde lote sasa lilimwona Kiboko kwa nyuma.

"Mheshimiwa," aliita Bi Pimbi akiinama karibu na tundu. "Unaendeleaje na kazi?"

"Mmmh mm mmh," alisema Kiboko.

"Haisikiki. Baraza haliwezi kuandika 'mmmh'."

"Nasema kuna tope! Limejaa puani!"

"Ndiyo kazi yenyewe."

"Na mizizi! Kuna mizizi inanichoma masikio!"

"Mwenye kituo huitafuna," alisema Bi Pimbi. "Jaribu kuitafuna."

Ikasikika sauti ya meno, kru, kru, kisha kukohoa, kukohoa kwa muda mrefu. Wananchi waliacha kucheka. Kikohozi kama kile walikuwa wakikisikia kila jioni kikitoka ardhini, na walidhani ni chura.

"Bi Pimbi," ilisema sauti kutoka shimoni, na sasa ilikuwa sauti ndogo. "Anayefanya kazi hii anapewa nini?"

"Debe la mtama."

"Na nini tena?"

"Basi. Palikuwa na kapu la viazi, posho ya tope. Kamati imelifuta."

"Nani aliyelifuta?"

"Wewe, mheshimiwa. Kwa mwandiko wangu."

Mkia mfupi wa Kiboko ukatikisika, kama mtu anayepiga hesabu.

"Nikikaimu mimi, siku ishirini," alisema, "ninafuata masharti ya kituo?"

"Yale yale, kama yalivyo kwenye bajeti na kwenye kanuni. Ila kwenye bajeti sasa hivi hakuna kitu."

"Basi natoa hoja!" alipiga kelele Kiboko, mpaka ardhi ikatetemeka. "Posho ya tope irudishwe! Na kapu moja halitoshi. Yawe mawili! Mtu hawezi kutafuna mizizi hii kwa kapu moja!"

"Yawe mawili," alisema Nyati, akikumbuka kwamba zamu ya tatu ni yake.

"Naandika," alisema Bi Pimbi. "Makapu mawili. Na idadi ya watumishi wa kituo?"

"Wawili! Wapokezane! Hii siyo kazi ya mtu mmoja, hii ni, hii ni..." Akapaliwa.

"Watumishi wawili, kila mmoja makapu mawili. Fungu litoke wapi, mheshimiwa? Bajeti lazima ilingane."

"Popote!"

"Lenye viazi vya kutosha ni lile la banda la kivuli la waheshimiwa tu."

"Litoke hapo! Mimi niko kivulini hapa mpaka nimechoka!"

Tembo akanyanyua mkonga. "Wanaokubali?"

"Ndiyo," lilisema bonde zima. Mkia wa Kiboko nao ulisimama.

"Imepita," alisema Tembo, akagonga mguu. Ti.

Sasa ikabaki kumtoa. Nyati alimvuta mguu wa nyuma, akaanguka chali. Ngiri wakavuta kwa ukoo, wakarundikana. Kiboko hakutoka. Mwishowe wote wakamgeukia Fuko.

Fuko alikuwa amekaa vile vile, mtoto wa mwisho mgongoni.

"Mimi niko likizo," alisema.

"Tunakuomba, bibi," alisema Tembo.

Fuko alimtazama Bi Pimbi. Bi Pimbi alishafunua jani jingine.

"Saa moja ya ziada," alisema huku akiandika. "Inalipwa leo leo. Anayelipa ni aliyekaimu."

"Ninalipa," ilisema sauti kutoka shimoni. "Mafungu yangu yote mawili ya miwa. Njoo, dada yangu."

Fuko akashusha mtoto, akamkabidhi Bi Pimbi, akapenya pembeni ya shavu la Kiboko. Haikusikika kelele wala kishindo. Yalisikika makucha tu yakikwangua, kwa mpango, kidogo huku, kidogo kule, kazi ya mtu anayejua anachofanya. Kisha tope likasema pooo, na Kiboko akatoka kama kizibo cha kibuyu, akaketi, na nyuma yake maji yakatoka kwa nguvu, safi, yakimwosha mgongo.

Masikio yake yalikuwa yamekwanguliwa pande zote mbili na yamebaki kama vikonyo. Ndiyo maana hadi leo kiboko ana mwili ule wote na masikio yale.

Alipopata pumzi alimtafuta Bi Pimbi.

"Makapu yangu. Nimefanya kazi."

"Umefanya nusu saa, mheshimiwa. Na hata ungemaliza siku zako ishirini, kanuni ya thelathini na moja inasema anayekaimu chini ya mwezi halipwi posho ya kituo."

"Kanuni gani hiyo ya kikatili? Nani aliipitisha?"

Bi Pimbi akakunja jani lake. Alimtazama tu, na wajumbe wote wakamtazama, hadi Kiboko mwenyewe akakumbuka. Akaingia majini polepole, akazama mpaka kichwa hakikuwa nje tena.

Mdogo wake Fuko aliajiriwa siku ile ile kwenye nafasi ya pili, na akaanza kazi kesho yake, kwa hiyo Kiboko na Nyati walisamehewa zamu zao. Fuko alimaliza likizo yake ya kwanza bila kuvuka uwanda. Alikaa mlangoni kwake akimenya viazi, akiwahesabu watoto: mmoja, wawili, watatu, wanne. Kisha akarudia kuwahesabu, si kwa sababu ya shaka, bali kwa sababu alikuwa na nafasi.

Na mkataba wa Bi Pimbi? Uliletwa mwezi uliofuata mbele ya Kamati ya Fedha. Kiboko aliushika, akausoma mstari wa kwanza, akausoma wa pili, akaugeuza akasoma nyuma ambako hakukuwa na kitu. Jua likasogea. Nyati akalala. Kiboko hakupata kosa hata moja, naye aliogopa kuandika neno jipya asije akasomewa mbele ya watu. Akagonga wayo wake, mara moja tu.

Basi, wanangu, hadithi yangu imefika mdomo wa mfereji, na mimi natoka nje nikiwa na neno moja: kabla hujaiita kazi ya mwenzako nyepesi, iingie kwanza mpaka masikioni.